Karatasi Namba Saba

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu wanne. Miaka ile ya Ujamaa kisomo cha watu wazima kilifika mpaka kwetu Vuga, na mwalimu wake alikuwa dada yangu, mtoto wake wa kwanza. Alasiri, wakitoka shambani, akina mama walijibana kwenye madawati ya watoto wao wakaandika a, e, i, o, u. Mimi sikuwapo. Nilikuwa ng'ambo kwa pesa za serikali, katika chumba chenye kompyuta kubwa kuliko jiko letu, naifundisha kutambua herufi zilizoandikwa kwa mkono.

Msinicheke. Ndiyo kazi niliyopewa, na niliipenda kupita kiasi. Tuliamini kwamba mashine ikishaona herufi, siku moja itaona neno, kisha itaelewa maana. Kwa miandiko ya makarani ilikuwa haijambo. Profesa wangu akataka sasa miandiko ya watu waliojifunza ukubwani, na mimi, kwa kujipendekeza, nikasema kwetu wako tele.

Nikamtumia dada karatasi zenye miraba, kila mraba herufi moja. Mistari ya juu ilikuwa ya A mpaka Z. Mitatu ya chini nilieleza kwamba kila mtu aandike herufi yoyote apendayo. Karatasi zilirudi baada ya miezi miwili, zikinuka moshi wa kuni. Zilikuwa na namba badala ya majina, lakini katika barua yake dada alinidokeza: namba saba ni mama.

Nikaitafuta hiyo kwanza. S zake zote zilikuwa zimegeuka, zinatazama nyuma. Niliwaonyesha wenzangu tukacheka, na mimi nilicheka kwa fahari, Mungu ananiona. Kisha nikachukua mkasi nikazikata karatasi zote, mraba mmoja mmoja, kama tulivyofanya siku zote. Nyuma ya kila kipande niliandika kwa penseli namba ya mwenyewe. A zikaenda bahasha ya A, B bahasha ya B, tayari kupigwa picha na kamera iliyounganishwa na kompyuta. Baadaye nikamwandikia dada: mwambie mama mashine imezitambua herufi zake karibu zote, hata S.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Kifua kilikuwa kimemsumbua muda mrefu, nami sikuambiwa. Nilifika Vuga wiki tatu baada ya mazishi, mvua imeshaanza kudidimiza udongo wa kaburi. Nilimwamkia dada shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Tulipokaa jikoni akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona hukumjibu mama?"

"Kumjibu nini, dada? Barua zote nilijibu."

"Barua yake mwenyewe. Aliiandika kwenye ile mistari ya chini. Aliziba kwa mkono nisione, akaikunja mwenyewe, akasema ni siri yake na mwanawe. Nilipomsomea ile barua yako ya mashine, akasema, 'Mashine imesoma. Na yeye je?' Kila nilipotoka posta, kule Soni, aliniuliza kama umemjibu."

Nilikuwa nimezitazama herufi zile kwa makini, mguu wa R, tumbo la B, na sikuzisoma.

Niliporudi ng'ambo nilimwaga bahasha zote mezani, nikatoa vipande vyenye namba saba. Vilikuwapo vyote, hakuna hata kimoja kilichopotea. Mpangilio wake ndio niliokuwa nimeuharibu kwa mkono wangu. Hata lugha sikuijua, maana kisomoni alifundishwa Kiswahili, lakini na sisi wanawe alizungumza Kishambaa. Nilipanga, nikapangua, wiki nzima. Nililia kama mtoto, mimi mtu mzima na shahada zangu.

Baada ya muda dada akaniandikia, akataka kujua kama nimeipata ile barua na mama alisema nini. Nikamdanganya. Nilimjibu kwamba mama alinihimiza nisome kwa bidii, nisiwe na wasiwasi na nyumbani.

Jibu lake ninalo mpaka leo. "Umenitua mzigo, mdogo wangu. Kifua kilipombana mama alinisihi mara nyingi nikuandikie uje akuone, nami sikuandika, nikiogopa utaacha masomo. Nilidhani ndicho alichokuandikia mwenyewe."