Majina ya Ukurasa wa Barua

Kila asubuhi mpagazi mmoja wa zamani wa Mlima Kenya hupangusa kidole kwenye suruali kabla ya kugusa gazeti katika maktaba yetu ya Naro Moru. Siasa na michezo huziruka. Tangu gazeti lisifu kupanda mlima kwa siku moja bila mwongozaji, yeye husoma barua za wasomaji tu, akinong'ona, kisha hunakili majina yao kwenye kijitabu. Mlinzi humtania, "Mzee, ati unatafuta bibi kwa gazeti?" Leo kidole kilisimama kwenye barua fupi: "Makala tamu! Jumamosi napanda peke yangu. Wakiuru, Mukurweini." Alinakili jina hilo kwa nguvu hadi ncha ya penseli ikakatika, akaichonga kwa meno. Dirishani mlima ulikuwa umeshafunikwa na ukungu, na kesho ni Jumamosi. Nilijikaza, nikamuuliza kwa heshima ya mjukuu kwa babu, "Guka, haya majina ni ya nini?"

Hakuinua macho. "Ukungu ikishuka huwezi ona mtu, unamwita na jina. Yule wa Aprili alipanda peke yake akapotea, na hatukujua jina yake. Siku tatu tuliita tu, 'Wewe! Wewe!'"