Kiti cha Mama Msibani

Mama alipobadilishwa nyonga, mimi niligeuka askari wake. Madaktari wa Dar es Salaam walimtoa mfupa uliokwisha kulika, wakamwekea wa bandia, na kabla ya kumruhusu wakaniita pembeni kunieleza masharti: asikae mahali palipo chini kuliko magoti yake, asikunje miguu, asiiname kuokota kitu. Akikosea, nyonga mpya inaweza kuchomoka. Walimweleza na yeye, na mama aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Heshima ile naifahamu. Ndiyo anayompa muuza vitenge wakati hana nia ya kununua kwake.

Nyumbani Kilosa nilivifungia vigoda vyote stoo. Fundi seremala akatutengenezea kiti kirefu chenye mikono, na kingine chenye tundu cha kuweka chooni. Mama akawa anapika amesimama, akinung'unika kwamba nimemfanya mahabusu ndani ya jiko lake mwenyewe.

"Hata kuku wananishangaa," alisema.

Nilimwambia kuku hawakupewa masharti na daktari. Tuliishi kwa kutupiana maneno namna hiyo, na mguu ukapata nguvu. Akaanza kwenda sokoni na fimbo moja, na mimi nikajisifu kwa majirani utadhani niliyeshika kisu ni mimi.

Ndipo dada yake akafariki.

Mama mkubwa alikuwa amebaki kijijini kwao, kwenye vilima vya upande wa Berega, alikokuwa akilima mahindi na maharage. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao. Simu ilipoingia mama hakulia. Aliweka mikono mapajani, kisha akasema, "Nitamlilia nikifika." Nikamkumbusha nyonga. Akaniangalia mpaka nikaona aibu. "Nimekwambia nitamlilia nikifika," akarudia.

Tulikodi gari. Kiti chake kirefu tukakifunga juu, na yeye tukamkalisha mbele juu ya mito, miguu imenyooka. Dumila tuliposimama kununua maji, wauza nyanya walitujaa dirishani, na mmoja akauliza kile kiti tunauza bei gani. Wakati mwingine mama angemchezea mpaka ajute kuuliza. Siku hiyo hakumsikia hata kidogo.

Msibani wanawake walikuwa wamekaa chini sebuleni, mkeka kwa mkeka, kuta zote nne. Mimi nikaingia na kiti, nikakitua karibu na mlango, nikamkalisha mama. Ilikuwa vibaya kuliko nilivyofikiri. Wanawake wote wale miguu imenyooshwa sakafuni, kanga mabegani, na yeye peke yake huko juu kama mgeni rasmi. Waliokuja kumpa mkono wa pole ilibidi wainue uso. Bibi mmoja, shoga wa marehemu tangu ujana wao, akamtania kutoka mkekani, "Karibu chini, wa mjini. Huku hatuna kunguni."

Watu wakacheka kidogo. Mama naye akacheka, lakini nilimwona anavyovuta kanga kufunika magoti, tena na tena, kama mtu aliyevaa nguo isiyo yake. Nilimwinamia sikioni nikamwambia asithubutu kushuka. Akasema, "Nenda kawasaidie wenzako jikoni." Nikaenda.

Yaliyotokea baadaye nilisimuliwa. Jeneza lililetwa sebuleni, likafunuliwa upande wa uso, na wanawake wakajivuta kwa makalio kulizunguka. Shoga yule wa marehemu akaweka mkono juu ya ubao, na wengine wakafuata. Mama kutoka kwenye kiti hakuweza kufika. Alimwona dada yake kwa juu, aliniambia mwenyewe, kama mtu anayechungulia kisima. Akawaomba wawili waliokuwa karibu wamshike mikono. Wakamshusha taratibu, kwa upendo. Hakuna aliyewaambia masharti, maana masharti nilikuwa nayo mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakoroga maharage.

Nikasikia ukelele. Ulikuwa wa mama, sikukosea hata kidogo, lakini sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Nikasema moyoni, afadhali, amelia. Mle ndani wanawake wote wakaitikia, nyumba nzima ikapasuka kwa kilio. Mwenzangu wa jikoni akatupa mwiko, akajifunika uso, akalia na yeye. Mama akapiga ukelele mwingine, na wao wakaupokea tena. Nami nilisimama pale machozi yananitoka, nikishukuru.

Alikuja mwanamke mmoja akifuta uso. "Mama yako anamlilia dada yake," akasema. "Kalala pale chini, hataki hata kuguswa."

Aliposema hataki kuguswa, nikakimbia.

Nilimkuta amelala ubavu kando ya jeneza, jasho linamtiririka. Mguu ulikuwa umegeukia ndani, mfupi kuliko mwenzake. Wanawake walikuwa wanampepea kwa kanga na kumwambia jikaze, kazi ya Mungu. Alinishika gauni. "Mguu," akasema. "Waambie ni mguu." Niliwaambia kwa kupiga kelele, na hata hapo wengine waliendelea kulia.

Wanaume walimbeba kwenye godoro, wakampitisha mbele ya jeneza. Tukamlaza garini, tukaondoka. Hospitalini walimchoma sindano ya usingizi, wakauvuta mguu mpaka nyonga ikarudi mahali pake. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Wameshamzika?"

Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Tangu siku ile nyonga haijatulia. Imechomoka tena, safari hii akiwa anajigeuza kitandani, na madaktari wanasema huenda wakalazimika kumfungua upya. Anavaa mkanda mpana kiunoni na hatoki nje ya ua. Watu ndio wanaomjia. Wiki moja baada ya matanga walikuja wanawake wa kule kijijini, wakamkuta kitini, wakampa pole. Shoga wa marehemu alikuwa miongoni mwao. Alisema amehudhuria misiba mingi, lakini hajaona ndugu aliyeliliwa kama alivyoliliwa yule. Wenzake wakakubali. Mama akawaambia, "Asanteni, asanteni sana," mpaka wakatoka.

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Wanasema nilimlilia," mama akasema.

"Kila mtu alisikia, mama."

"Walichosikia ni nyonga. Dada yangu sijamlilia."

Niliweka vikombe chini. Nikamwambia tuko wenyewe, mlango nitaufunga, alie sasa, nami nitalia naye. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wewe utamlilia mama yako mkubwa," akasema. "Wangu mimi ni msichana aliyekuwa ananibeba mgongoni tukienda kuchota maji. Waliomjua yule walikuwa pale mkekani wakimlilia. Matanga yameshaanuliwa, mwanangu."

Basi nikalia mimi, peke yangu, na yeye akinitazama kwa macho makavu.