Nyota Mbili Ambazo Sikuziona

Jioni moja ya kiangazi haijanitoka kichwani, mwanangu, japo meno yamekwisha kunitoka. Tulikuwa tukitafuta dhahabu upande wa Nyarugusu, nami nilisifika kambini kwa macho makali. Tukiosha mchanga kwenye karai, chembe niliiona kabla ya wenzangu. Sifa ikanilevya.

Mpimaji wetu, Mhindi mmoja mpole, alitaka mtu wa kukagua mchanga kwenye kambi mpya. Niliitamani kazi ile kuliko chakula, maana ndiyo ingenipatia ng'ombe wa mahari ya mama yako.

Siku hiyo, tulipomaliza ugali, mpimaji akasimamisha darubini yake ndogo ya shaba, akaielekeza kwenye nyota kubwa ya kusini. Akatuambia kwa macho matupu ni moja, lakini kwa kweli ni mbili. Tukapanga foleni. Wa kwanza akapiga kelele, "Mbili kweli!" Wa pili vilevile. Zamu yangu nikainama, nikaona giza tupu. Niseme sioni, mimi mwenye macho? Nikajibu kwa sauti, "Naziona! Moja kubwa, nyingine ndogo."

Nyuma yangu alikuwa Mzee Ng'wandu, aliyenifundisha kuosha mchanga. Akachungulia kwa utulivu. "Bwana mpimaji, mimi sioni hata moja."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Mpimaji akainama kutazama. Akasema nyota haingoji foleni, ilikuwa imesogea na kutoka kwenye kioo kitambo. Kisha akanigeukia. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu haikufika hata hatua mbili.

Mzee Ng'wandu akanivuta kando. "Ng'wanone, mwanangu, leo umeona nyota gizani. Kesho utaona dhahabu kwenye mchanga mtupu, na wenzako watachimba shimo kwa neno lako. Likiwafukia, utawaambia nini mama zao?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Lakini mficha uchi hazai. Nikarudi mbele ya wote nikasema, "Bwana, sikuona kitu. Nilidanganya." Akairekebisha darubini. Nikachungulia. "Naona moja, inatetemeka." Safari hii hakuna aliyecheka. Nikabana pumzi, nikasubiri, mpaka zikaachana taratibu kama punje mbili za mtama. Nilifurahi, nisikufiche.

Kazi alipewa mwingine. Mama yako alinisubiri mwaka mzima, na hakuacha kunitania. Msimu uliofuata ndipo mpimaji aliponiita. Katika miaka yangu ya kukagua mchanga, mara nyingi nilisema, "Hapa hamna kitu," wakubwa wakanuna, na vijana wakarudi kwao wazima.

Basi, mwanangu, usione aibu kusema sijaona, sijui, nionyeshe tena. Kuuliza si ujinga. Ukikosea mbele za watu, jirekebishe mbele zao hao hao, tena siku ileile. Mungu akulinde kazini, akupe nyumba yenye amani, na neno lako liaminike ukiwepo na usipokuwepo.