Vioo Viwili na Jiko la Mkaa

Ipo siku moja ya baridi, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Imenirudia niliposikia kwamba umeagiza madirisha na milango ya vioo viwili kwa nyumba yako mpya, na kwamba utavifunga mwenyewe bila fundi. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nilishika pima maji nikiwa mke kijana kule Namswea, wakati mwanamke kushika kifaa cha ujenzi lilikuwa jambo la kuchekwa. Kaa kidogo nikusimulie.

Nilizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto. Marehemu mume wangu Kosmasi alinioa akanipandisha milimani kwao, kwenye kahawa na ukungu. Ikifika Juni nilitetemeka mpaka meno yanagongana. Madirisha yetu yalikuwa ya mbao, yamepinda kwa mvua na jua, na upepo uliingia unavyotaka. Kosmasi aliniona, na siku moja aliposikia kwamba mapadre fulani wanabomoa nyumba yao ya wageni, akaenda. Akarudi na madirisha mawili na mlango, vimefungwa kwenye magunia. Kila kimoja kilikuwa na kioo nyuma ya kioo, na kati yake nafasi nyembamba iliyozibwa pande zote.

"Humo katikati kuna nini?" nikamuuliza.

"Hewa tu. Wanasema ikitulia humo, baridi haipiti."

Hewa izuie baridi! Nilikigonga kioo kwa ukucha, nikaweka sikio, nikachungulia pembeni kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Sikuona kitu, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Tulivifunga wenyewe. Kosmasi alipima nafasi ya ukutani juu, katikati na chini, maana ukuta wa matofali ya kuchoma haunyooki hata ukiuombea. Mahali pengine tulichonga, pengine tulijaza. Mimi nilishika pima maji na kumwambia panda, shuka, basi hapo hapo. Yeye akapigilia kabari, akakaza skrubu. Nikaona vitundu vidogo chini ya fremu, nikauliza vya nini. Kumbe ni vya kutolea maji ya mvua, na yeye alikuwa tayari na saruji mkononi avizibe! Tulicheka sana. Kazi ilipokwisha, upepo ukabaki nje. Mti unaona unayumba, lakini husikii kitu.

Ndipo mama yangu akapanda kutoka Kihagara kuja kumwona mjukuu wake, Getruda, na kapu la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, kichwani. Ilikuwa mchana wa manyunyu. Alikuwa hajawahi kukutana na baridi ile. Kosmasi kwa heshima ya mkwewe akawasha jiko la mkaa, likakolea, akaliingiza sebuleni kama walivyofanya kwao miaka yote. Akafunga ule mlango mpya vizuri, akaenda kwenye shamba lake la kahawa. Mimi nilikuwa jikoni, nyumba ya nje, nachemsha chai.

Nikafika mlangoni na kikombe. Kupitia kioo nikamwona mama ameegemeza kichwa ukutani, mtoto mapajani pake. Nikafikiri wamesinzia.

"Mama, chai."

Kimya. Nikasema moyoni, vioo hivi havipitishi sauti. Nikafungua, nikaita tena. Kimya kile kile.

Kikombe sijui nilikitupa wapi. Nilimnyakua Getruda nikamlaza uani, nikarudi nikamvuta mama kwa makwapa huku napiga kelele. Kosmasi akaja mbio na baba yake, mzee Lukasi. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Nilimwita jina lake, nikampuliza usoni, nikamwita tena. Manyunyu yakammwagikia, akakunja uso, akalia. Mwanangu, sijasikia tena kilio kitamu kama kile. Mama naye akatapika, akauliza nani amempiga kichwa.

Zahanati wakatuambia ni hewa ya mkaa, haionekani wala hainuki, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunachimba kaburi.

Asubuhi yake majirani wakawa na lao: vioo vya watu vimekuja na mikosi yao. Kosmasi akachukua nyundo akaenda kuving'oa. Mzee Lukasi akamshika mkono.

"Subiri. Mkaa tumeota ndani tangu mimi mtoto. Mbona hatukufa?"

Akaenda nyuma ya ghala tulikoegemeza madirisha ya zamani, akanyanyua moja akalielekeza kwenye jua. Mwanga ukapenya kila mahali. Akapitisha vidole kwenye upenyo, akavichezesha upande wa pili.

"Hapa ndipo sumu ilipokuwa inapita kwenda nje," akasema. "Upepo huu mliokuwa mnaulaani ndio ulioitoa." Kisha akamgeukia mume wangu. "Kosmasi, kitu kipya uliuliza kinafanya nini. Cha zamani hukukiuliza."

Kosmasi akaweka nyundo chini. Vioo vilibaki. Tulitoboa tundu la hewa juu karibu na dari, tukaweka wavu, na jiko halikuingia tena ndani. Mama alikaa mpaka kahawa tuliyovuna ikakauka, akiota jua nyuma ya kioo, na dirisha aliliacha wazi kidogo hata tumwambie nini.

Basi nisikilize. Pima mara nyingi, usizibe vitundu vya maji, na usione haya kuuliza kitu kidogo. Lakini kabla hujang'oa kilichokuwepo, iwe dirisha, iwe desturi, iwe mtu wa kazi uliyemchoka, kaa nacho ukiulize kilikuwa kinakufanyia nini kimyakimya. Ukishajua, kibadilishe bila woga, ila ile kazi yake uitafutie mahali. Na mkaa usiuingize ndani ya nyumba hiyo, hata nije mimi mwenyewe nikitetemeka.

Mungu aishike mikono yako unapojenga. Akupe wageni wengi na watoto wenye maswali. Na wote watakaolala humo, waamke wote.