Kukagua Pombe Bila Kuionja

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kiingereza aliyeishika wilaya yetu ya Ufipa, alinitazama nilivyosimama mbele ya meza yake pale Boma la Sumbawanga, kofia mkononi, akasema, "Unakunywa pombe?"

"Hapana, Bwana. Mimi Mwislamu."

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu, Bwana."

"Vizuri. Basi wewe utakuwa karani wa vilabu."

Nilidhani ananitania. Karani Mkuu, mtu wa Tabora mwenye miwani na maneno machache, alinifafanulia tulipotoka barazani. "Waliokutangulia walikuwa wakianza kukagua kilabu cha kwanza asubuhi," alisema, "na cha pili hakikuwaona kamwe. Bwana Shauri amechoka."

Hivyo ndivyo mtoto wa mwenye duka wa Majengo, aliyelelewa katika nyumba ambamo hata siki ilitazamwa kwa mashaka, alivyopewa kazi ya kujua pombe ipi nzuri na ipi mbaya. Kaka yangu, aliyekuwa na lori la mizigo, alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Kila jioni nikirudi alininusa shati, kisha akaninusa mdomo, ndipo akapakua chakula. Alifanya hivyo mpaka nilipooa, na nadhani alimwachia mke wangu maagizo.

Ninyi vijana mkitaka kujua pa kula mjini mnaulizana kwa simu. Wakati wetu, mgeni aliyeshuka kwenye lori kutoka Mbeya, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, aliuliza Boma, na Boma wakamwonyesha mimi. Alikuwa mwalimu mpya, au fundi wa barabara, au karani kama mimi, mtu wa mshahara mdogo na koo kavu. Swali lake lilikuwa lile lile: wapi nitakula na kunywa vizuri bila kumaliza mfuko?

Hoteli zilinipa kazi ndogo. Hoteli wakati ule haikuwa nyumba ya kulala wageni. Ilikuwa chumba chenye mabenchi, chai ya maziwa, mandazi, ugali wa ulezi na maharage, na siku za bahati migebuka wakavu kutoka ziwani Kasanga. Nilitumwa kukagua jiko, choo na kibali cha biashara, lakini mimi nilipenda kukaa kwenye benchi na kutazama. Watu husema fuata madereva, ndiko kwenye chakula kitamu. Nilifuata madereva mwaka mzima nikagundua kwamba wao husimama penye uwanja mpana wa kugeuzia lori, na chakula wanakivumilia. Kilichonisaidia zaidi ni bakuli la kunawia. Ukiona maji yake yanabadilishwa kabla mtu hajalalamika, basi na huko jikoni kuna mtu anayejali. Na nilimtazama mwenye hoteli mwenyewe, je, mchana anakula kwake au anavuka barabara?

Vilabu vya pombe vilikuwa elimu nyingine, na mwalimu wangu alikuwa mjane mmoja wa hapo hapo Majengo, Mama Yustina. Alikuwa mwanamke mnene, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila asubuhi, na pombe yake ya kimpumu ilijulikana mpaka Mwimbi. Mara ya kwanza nilipobisha hodi alinitazama toka juu mpaka chini.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye karani mpya wa vilabu."

"Marahaba. Nimesikia hunywi."

"Sinywi, mama."

"Sasa utakagua nini, kuta?" Akacheka, akanivutia kigoda. "Kaa, mwanangu. Macho nayo yana kinywa."

Alinieleza kwamba kimpumu si pombe ya kumiminwa kwenye kikombe. Ulezi unaoteshwa mpaka uwe kimea, unakaushwa na kusagwa, unachanganywa na unga mwingine wa ulezi uliochachuka, na kile kinachopatikana ni kama kinyunga, donge la unga uliokandwa. Kinyunga hicho hutiwa chunguni, na mnywaji akishalipa, mwenye kilabu humimina maji ya moto juu yake. Watu hunyonya kwa mrija wenye kichujio kidogo kwenye ncha. Yakipungua maji, anamimina mengine. Chungu hulipiwa mara moja, maji ni bure, kwa hiyo watu wanne wenye mishahara midogo waliweza kukizunguka tangu saa tisa mchana mpaka jua lizame na bado wakabaki na nauli. Maji ya kwanza, alisema Mama Yustina, ni ya wenye haraka. Ya pili ndiyo yenye utamu. Ya tatu ni ya wazee wenye mazungumzo. Kimea kikiwa kibaya, ya pili yanakuwa maji tu.

Na kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Mwenye kilabu lazima anyonye kwanza mbele ya wageni wake. Watu husema ni kuondoa wasiwasi wa sumu, lakini mimi niligundua ndipo penye ukaguzi wote. Nilitazama uso wa mwanamke anapoonja pombe yake mwenyewe. Nilitazama kama wanaume waliozunguka chungu wananyamaza wanaponyonya mara ya kwanza au wanaendelea kubishana. Nilisikiliza kama wanaitana kwenye maji ya pili au wanaaga mapema. Baada ya misimu michache niliweza kupita mlangoni nikajua.

Ladha yenyewe ndiyo sikuijua, na ilinisumbua kama kipele mgongoni. Nilimuuliza kila mtu. Fundi viatu alisema ni kama uji uliokasirika. Katekista alisema ni kama mkate wa moto na limau. Mama Yustina alisema ulezi wa Mwimbi unakaa mbele ya ulimi na wa mashamba ya Kizwite unakaa nyuma, na kwamba yeye huchanganya. Niliyaweka majibu yote kichwani, na hakuna mawili yaliyofanana.

Bwana Shauri wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine, na pamoja naye Bwana Afya mpya, kijana mrefu aliyebabuka pua kwa jua. Baba yake huko kwao alikuwa muuza divai. Yeye mwenyewe aliletewa chupa kutoka Abercorn, ng'ambo ya mpaka, na alilalamika kwamba bei yake ni ya kutisha na ubora wake ni wa kusikitisha. Sheria ya wakati ule haikuturuhusu sisi weusi kuinunua hata tungetaka, kwa hiyo nilisikiliza habari za divai kama mtu anavyosikiliza habari za theluji. Alinieleza jinsi mwonjaji anavyoivuta mdomoni, anaizungusha, kisha anaitema.

"Anaitema, Bwana? Baada ya kuilipia?"

"Ndiyo. Asilewe. Nawe unaweza kufanya hivyo, Hamisi. Onja kimpumu, tema."

"Bwana, mdomo wangu na tumbo langu ni ndugu. Hawafichani kitu."

Alicheka sana. Kisha akawa mzito kidogo. "Kwetu," alisema, "mtu maskini akitaka divai nzuri hatafuti chupa ya bei. Anatafuta muuzaji asiyemdanganya. Hapa wako wapi?"

Hakuuliza kwa mazungumzo tu. Amri ilikuwa imetoka juu kwamba Majengo ibaki na kilabu kimoja tu cha kimpumu, chenye sakafu ya saruji, na vingine vifungwe. Vilivyostahili vilikuwa viwili, cha Mama Yustina na cha Mama Leokadia, mwanamke mwembamba aliyekuwa na mume mgonjwa wa kifua na watoto wadogo. Atakayekosa kibali angekosa riziki yake yote. Bwana Afya alitaka tuzunguke pamoja, aonje mwenyewe, kisha nimpe ushauri wangu.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Ulezi ulinyeshewa ukiwa umeshaiva shambani, Ufipa nzima, na sokoni nilikuwa nimewaona wanawake wakiuanika kwenye mikeka na kuugeuza na kuugeuza, huku harufu ya uvundo ikitoka. Pombe ya ulezi kama huo haiui mtu, lakini huacha uchungu mkavu mdomoni na kichwa kizito kesho yake.

Tulianza kwa Mama Leokadia. Alikuwa amevaa kitenge kipya na sakafu ameifagia mpaka inang'aa. Akanyonya kwanza, akatabasamu, akasema, "Karibu Bwana, hii tamu." Bwana Afya akachukua mrija, akavuta, akazungusha mdomoni, kisha akaenda mlangoni akatema. Wateja wote wakageuka. Kwetu kutema cha mwenyeji mbele yake ni tusi kubwa, nami nikaanza kueleza haraka haraka kwamba kwao Ulaya hiyo ndiyo heshima. Hakuna aliyeniamini. Mama Leokadia aliendelea kutabasamu, na mimi nilimwonea huruma.

Kwa Mama Yustina kulikuwa kumejaa. Alimimina maji ya moto, akasubiri, akanyonya. Kisha akautoa mrija mdomoni na kuulaza juu ya mdomo wa chungu.

"Bwana," alisema, "hii sikupi. Ulezi umenyeshewa, ina uvundo."

Bwana Afya akasema angependa kuonja hivyo hivyo. "Hapana," akasema Mama Yustina. "Mgeni hapewi kibovu nyumbani kwangu. Njoo nikipata ulezi wa mwaka jana." Nilimpenda mama huyu, na nilimwona akijifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Njiani kurudi Boma, upepo wa baridi ukitupiga usoni, Bwana Afya aliuliza, "Haya. Nani?"

"Mama Yustina, Bwana."

"Yake sikuonja hata tone."

"Hata mimi, Bwana, sijaonja ya yeyote."

"Sababu?"

"Mvua ilinyesha kwenye ulezi wote. Hakuna pombe nzuri mwezi huu Sumbawanga nzima. Ni mmoja tu aliyesema."

"Ile ya kwanza ilikuwa na uvundo," alisema. "Niliusikia. Nilidhani labda ndivyo inavyotakiwa kuwa." Kibali kikaenda kwa Mama Yustina, na mimi siku ile nilijiona mtu mwenye akili sana.

Nilitumwa mimi kumpelekea habari Mama Leokadia. Hakulia wala hakunitukana. Alikuwa anapepeta unga, na aliendelea kupepeta.

"Niliijua, karani," alisema. "Niliijua tangu ilipokuwa kimea. Lakini Yustina ana wana wawili huko machimboni wanamletea pesa. Mimi nikikimwaga chungu, jioni watoto wangu wanakula nini? Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Yustina, nadhani nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba nimefanya sawa. Nilimweleza maneno yote. Nilitegemea ajisifu, au amlaumu mwenzake. Aliinama akapuliza moto.

"Anasema kweli," alisema. "Bila wanangu, ningetabasamu kama yeye. Tena ningetabasamu kuliko yeye, maana mimi ni mnene, tabasamu langu ni pana."

Nilimweleza Bwana Afya pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kibali ni kimoja, na kweli kilikuwa kimoja. Wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa nimechagua mkweli, na sikuwa nimekosea, lakini nilichokuwa nimekipima kwa sehemu kubwa ni ghala la chakula la mwanamke mmoja na ghala la mwingine.

Mama Leokadia hakukaa bure. Alikusanya masufuria yake akafungua hoteli kule Kizwite, penye kituo cha malori, maharage na ugali tu, na kwa kuwa madereva husimama penye uwanja mpana, walisimama kwake. Nilichelewa makusudi kwenda kumkagua, kwa aibu. Nilipokwenda, bakuli la kunawia lilikuwa na maji safi. Alinipakulia sahani, akaiweka mbele yangu, akasimama mikono kiunoni.

"Leo yameungua," alisema. "Kula au acha."

Nilikula yote. Yalikuwa yameungua kweli. Nilipomaliza nilikwenda nje kwa madereva waliokuwa wanasitasita nikawaambia waingie.

Nilitumikia mabwana wengi baada ya hao, na nikastaafu nikiwa bado sijui ladha ya kimpumu wala ya divai. Watoto wa wanangu hunitania kwa hilo. Vijana wengine, wageni katika mji huu, bado wanakuja barazani kwangu na swali lile la zamani, wapi watapata kitu kizuri kwa pesa kidogo. Majina ya hoteli na baa za sasa siyajui. Huwaambia tu wamtafute muuzaji anayethubutu kusema leo si nzuri, na wakimpata, wanunue hivyo hivyo, ili na kesho aweze kuthubutu.