Niliacha agizo mke wangu asitolewe nyumbani bila mimi

Wakuu, habari za mchana. Hapa situngi, naandika yaliyonikuta mwenyewe. Wanaonikumbuka humu kwa kutetea kuzalia nyumbani, leo nimekuja mdogo.

Niko Kwamsisi, Handeni. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hospitali. Mke wangu Mwanaidi alitukanwa na nesi mbele za watu, akarudi ameapa hakanyagi tena.

Mimba ya pili tukapanga azalie nyumbani. Mama yangu ni mkunga wa jadi, nusu ya kijiji imepita mikononi mwake.

Nikanunua gloves, nyembe mpya, pamba, mpira wa kutandika. Nikajiona mume wa mfano.

Halafu nikamwambia mama, "Mtu asimtoe hapa mpaka niseme mimi." Kwetu neno la mwenye mke halirukwi, hata na mama yako mzazi.

Uchungu ulianza asubuhi, mimi niko shamba la mbali navuna mahindi. Huko network hakuna. (Mtaniuliza kwa nini niliondoka wiki ile. Nimejiuliza mpaka nimechoka.)

Saa nne mama akagundua mtoto amekaa vibaya. Mwanaidi mwenyewe akasema, "Nipelekeni hospitali."

Bodaboda akaitwa, akafika mpaka mlangoni. Mama akamwambia asubiri, akatuma mtu anitafute.

Nilifika saa nane. Bodaboda bado yupo nje. Mama amekaa kwenye kigoda, mikono ina damu. Akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunakungoja wewe."

Tukakodi gari mpaka hospitali ya Handeni, nao wakatuhamishia Korogwe. Mwanaidi alipona. Mtoto wetu wa kiume hakupona.

Nesi wa Korogwe hakumtukana. Alimshika mkono mpaka usingizi ukamchukua. Niliona aibu, sijui hata kwa nini.

Najua wapo watakaomlaumu nesi wa kwanza, na wengine mama yangu. Nesi yule ana sehemu yake, sikatai. Ila agizo lilikuwa langu. Tulipanga kila kitu, tukasahau kumwachia mwenye tumbo ruhusa ya kubadili mawazo. Kama mnapanga kuzalia nyumbani, anzeni na hilo.

Arobaini ilipopita Mwanaidi akaniuliza, "Wewe hukuwepo, neno lako likafuatwa. Mimi nilikuwepo, nikasema nataka kwenda. Mbona langu halikufuatwa?"

Mwenye jibu aniandikie hapa chini, na anayetaka kunisema aniseme tu.