Kengele ya Maharage

Kengele ya chuo chetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi nje ya jiko. Lori lenyewe lilikuwa juu ya mawe nyuma ya karakana, halina tairi wala betri, na kuku wa mpishi mkuu walitagia kwenye kiti cha dereva. Siku ya kwanza tulioneshwa kila kitu: hili bwalo, hili bweni lenu wasichana, hiki chumba cha matroni, na hili ndilo gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali. Nilicheka kwa sauti. Sikujua kwamba mwaka unaofuata nitachaguliwa kuwa waziri wa afya.

Kilikuwa chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande wa Pito. Tulikuwa na serikali ya wanachuo, yenye rais na mawaziri wake, na tuliitana waheshimiwa bila aibu yoyote. Waziri wa chakula aligombana na mzabuni kuhusu maharage yenye wadudu. Waziri wa ulinzi alisimamia zamu za lindo na usafi wa mazingira. Mimi, waziri wa afya, nilikaa na ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza, ambamo mlikuwa na pamba, spiriti, vidonge vya klorokwini na bendeji moja iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama leso. Mwenzetu akizidiwa tulimbeba mgongoni mpaka mjini. Ndiyo huduma tuliyokuwa nayo, pamoja na matroni, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo aliyetuita sote "mwanangu".

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari na sabuni ya kukatiwa tulishangaa kuona maduka ya Waislamu pale mjini yamejaa redio, mafuta ya nywele na marobota ya mitumba yanayoshushwa kwenye malori mchana kweupe. Kila kitu kilikuwepo, ila hela za kukinunulia. Na chuoni nako tukaambiwa tuchangie. Godoro lako, ndoo yako, jembe lako, blanketi lako. Chakula kilipungua kadiri maduka yalivyojaa.

Maharage ndiyo yaliyotutia adabu. Mpishi alikuwa akichota chini ya sufuria, maharage yalikotuama, na aliyefika mwisho alipata mchuzi mtupu. Kwa hiyo rimu ikilia, chuo kizima kilikimbia. Nimemwona mtu akitoka bafuni na povu kichwani, sahani mkononi. Nimemwona mgonjwa wangu wa malaria, niliyemwacha anatetemeka chini ya mablanketi, akinipita njiani. Mwalimu wa saikolojia alipotufundisha habari za mbwa aliyezoeshwa kudondosha mate kila akisikia kengele, darasa zima lilitazamana, na hakuna aliyeuliza swali.

Sasa koti langu. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa hauna mchezo. Unashuka kwenye majani makavu ya vilima na kuingia mpaka ndani ya mifupa. Mama yangu aliuza ulezi wake akaninunulia koti la mitumba la sufu, rangi ya ugoro, lenye mifuko mirefu ya kuzamisha mikono. Nilikuwa na koti hilo muhula mmoja tu, likaibwa kwenye kamba. Mimi nina hasira za karibu, sikuzipata ukubwani. Nilizunguka chuo kizima nikitukana kwa Kiswahili na Kifipa, nikaapa kwamba mwizi nikimpata nitamng'oa meno kwa mkono. Na si mimi peke yangu niliyeibiwa. Mablanketi yalipotea, viatu, hata sahani za kulia. Watu walilala wawili wawili wamenuna.

Mwizi alikamatwa Jumamosi, tuliporudi kutoka shamba la chuo kabla ya chakula cha mchana. Alijidai mgonjwa asiende shambani, na mwenzetu aliyerudi mapema kuchukua jiwe la kunolea jembe akamkuta anafunga blanketi la mtu ndani ya mfuko wa mbolea. Chini ya godoro lake likatoka koti langu. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mrefu, mkimya, mwana wa wafugaji waliohama kutoka kaskazini magharibi na kuweka maboma yao huko bondeni Rukwa. Watu walikuwa na kinyongo naye kabla hata hajaiba. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima, na ng'ombe wa wageni walikuwa wameshakula mahindi ya nyumbani kwa mmoja wetu, au ya shangazi yake.

"Baba yake ana ng'ombe kibao," nilimsikia mtu akipiga kelele, "na yeye anaiba soksi!"

Nilipofika nyuma ya bweni la wavulana walikuwa wameshamtoa nje. Majembe yalikuwa bado mikononi mwao, na waziri wa ulinzi alikuwa akiwaonesha namna ya kuyang'oa mipini kwa kugonga chini. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, anayechomekea shati hata akienda shambani. Kwenye vikao vya baraza alinisogezea kiti nikae.

"Wenzangu, tumtie adabu," alisema, na akawa wa kwanza.

Sauti ya mpini kwenye mgongo wa mtu niliijua, nilikulia kwenye nyumba ya kuchapwa. Sauti ya mpini kwenye uso sikuijua. Alimwita mama yake kwa lugha yao, kisha akaita kwa Kiswahili ili tuelewe, kisha mdomo ukakataa. Alijikunja akakinga kichwa kwa mikono, wakampiga mikono mpaka akaitoa, halafu wakapiga kichwa. Sikio moja lilichanika likabaki linaning'inia. Hawa walikuwa walimu wa watoto wadogo, wamebakiza mwaka mmoja waende kufundisha herufi. Walipokezana bila kugombania, aliyechoka akampa mwenzake mpini.

Nilisukuma nikaingia katikati. "Nipisheni, mimi ni waziri wa afya!"

Wakaangua kicheko. Waziri wa ulinzi aliniona, akafuta jasho, akanikabidhi mpini wake kwa mikono miwili kama mtu anayekaribisha mgeni.

"Karibu, mheshimiwa. Koti ni lako. Piga."

Niliupokea. Nasema wazi kwamba nilitamani kupiga. Nililiona koti langu limekanyagwa kwenye vumbi, nikamkumbuka mama na ulezi wake, na mkono ukapanda wenyewe. Sikupiga, na si kwa wema. Nilitafuta mahali pa kupiga nikaona hapakubaki.

Nikautupa mpini. Ndipo mmoja akasema yaletwe mafuta ya taa. Alisema bila ukali, kama anayeagiza chumvi. Mwingine akaitikia kwamba jikoni yapo, na wawili wakaondoka.

Niliwakimbilia walimu. Mwalimu wa zamu alikuwa ameenda mjini. Kwenye nyumba ya mwalimu mlezi, yule aliyetuambia mlango wake uko wazi wakati wowote kwa mwenye tatizo lolote, niliona pazia likivutwa. Matroni nilimkuta amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani.

"Mama, wanataka kumchoma!"

"Mwanangu, nimeshakwenda. Wamenisukuma nikaanguka. Hawanisikii."

"Mkokoteni wa kuni uko wapi?"

"Jikoni."

"Uchukue. Pita nyuma ya karakana, unisubiri."

Hakuniuliza nina mpango gani, na vizuri hakuniuliza, kwa maana sikuwa nao. Nilikwenda mbio jikoni kuyawahi yale mafuta. Wale wawili walikuwa mlangoni wakibishana na mpishi mkuu, naye aliwazibia njia kwa mwiko wa ugali. "Mafuta ya taa ya nini mchana huu? Mnataka kuwasha nini?" Nyuma yake maharage yalikuwa yanatokota, magumu bado, harufu yake imejaa uwanja mzima. Nilisikia tumbo langu likinguruma. Katikati ya mambo yale yote, tumbo langu lilinguruma, na hapo hapo nikajua la kufanya.

Nondo ya kugongea ilikuwa imechomekwa kwenye mkaratusi. Niliichomoa nikaipiga ile rimu kwa nguvu zangu zote, mapigo ya chakula, yale ya haraka haraka.

Wale wawili walisahau mafuta wakakimbilia bwaloni. Kule nyuma ya bweni kelele zilikatika ghafla. Kisha nikasikia miguu.

Walikuja wote. Walipitia mabwenini kuchukua sahani, wakaja wakirukia mitaro, na hakuna aliyebaki nyuma, kwa kuwa hakuna aliyetaka mchuzi mtupu. Waliokuwa bado na mipini waliiegemeza ukutani, vizuri, isianguke. Walifuta mikono kwenye suruali. Foleni ikajipanga kuanzia dirisha la kupakulia mpaka kwenye bomba la maji, na waziri wa ulinzi, madoa mekundu kifuani kwenye shati lake lililochomekewa, akageuka kuwatuliza wa nyuma.

"Msisukumane, wenzangu. Tuwe wastaarabu."

Sikungoja zaidi. Niliuzunguka ukuta wa karakana nikamkuta matroni na mkokoteni, tukausukuma mpaka nyuma ya bweni. Pale walipomwacha palikuwa na damu tu. Yeye alikuwa ameshatambaa mbele kidogo, kwa viwiko, uso chini, akiacha mburuzo kwenye vumbi. Na alikuwa anatambaa kuelekea bwaloni. Nilidhani damu imemziba macho hajui anakokwenda. Nikamshika mabega nikamgeuza upande wa geti. Akajigeuza tena.

"Wewe, huko wako wao!" nilimfokea. "Watakumaliza!"

Alikuwa hana nguvu ya kushindana na wanawake wawili. Tulimpakia juu ya maganda ya kuni, matroni akamfunika kwa koti langu, na tukasukuma. Tulikuwa tumefika getini tuliposikia mpishi anapiga kelele kwa Kifipa kwamba hajapakua, hakupiga kengele, na maharage hayajaiva. Halafu sahani zikaanza kugongwa ukutani, kioo cha dirisha kikavunjika, na mtu akalitaja jina langu.

Walitufukuza mpaka barabarani. Jiwe la kwanza lilimpata matroni mgongoni, naye hakusimama. La pili lilinipasua juu ya nyusi. Kovu ninalo hadi leo, na wanafunzi wangu huniuliza kama nilianguka baiskeli. Tulikimbia na ule mkokoteni tukiruka mashimo, damu yangu ikinidondokea mikononi, na kila tukiruka shimo yule mwizi aliguna.

Tulipofika Milanzi, njiani kwenda mjini, watu walikuwa nje ya nyumba zao, wanachambua maharage, wanasuka nywele. Wakainuka kutushangaa.

"Kuna nini? Ni mwizi?"

Kama ningejibu mimi, ningesema kweli, na wangemalizia kazi pale pale. Lakini matroni, yule mwenye sauti ndogo ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata kuhusu umri wake, alijibu bila kupunguza mwendo.

"Kakanyagwa na dume la ng'ombe, jamani! Tusaidieni!"

Wakatupa pole. Kina mama wakaweka nyungo chini, vijana wakaja mbio wakashika mkokoteni huku na huku. "Poleni sana, mama. Huyo dume keshachinjwa?" Wale wa nyuma yetu walipoona tumezungukwa na watu wazima walipunguza mwendo, wakadondosha mawe mmoja mmoja, wakarudi chuoni na njaa yao.

Hospitali ya mkoa walimpokea. Jicho moja halikupona, sikio walilishona likakaa upande, na mkono wa kushoto haukukunjika tena sawasawa. Lakini alipona, na kwa hilo sikuwa na uhakika mpaka wiki ya pili.

Chuoni, bunge la wanachuo lilikaa. Ajenda ilikuwa moja, nayo ilikuwa mimi. Nilishitakiwa kwa kutumia vibaya kengele ya chakula. Waziri wa ulinzi alisoma mashitaka kwa upole wake, akiwa na shati safi, na alisema jambo la kusikitisha zaidi ni kuwadanganya wenzangu wenye njaa. Wakanivua uwaziri kwa kunyoosha mikono. Ile mikono nilitamani kuiuma. Juu ya kipigo hakuna aliyeulizwa neno, na mkuu wa chuo alimfukuza yule kijana akiwa bado kitandani hospitali, kwa kosa la wizi. Waliompiga wote walimaliza. Wanafundisha.

Nilikwenda kumwona na matroni, amebeba chupa ya uji wa ulezi. Mimi nilibeba maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, kuhusu koti, kuhusu mama yangu, kuhusu nyusi yangu. Damu yake haikutoka kwenye lile koti hata nilipolifua kwa majivu.

"Shikamoo, matroni," alisema. Maneno yalitoka yamevimba. Mimi hakunisalimia, aliinamisha kichwa.

Matroni alimmiminia uji. Alikishika kikombe kwa mkono mzima akanywa bila kupumua. Mimi nikaacha yale niliyoyapanga, nikauliza lile lililokuwa likinisumbua usiku na mchana.

"Siku ile ulikuwa unakwenda wapi? Wametaka kukuchoma, wamekuacha, na wewe unatambaa unawafuata."

"Kengele ililia," alisema.

"Ndiyo, ililia. Nilipiga mimi."

"Nikajua nimechelewa." Aliongea taratibu, akipumzika katikati. "Nikasema leo tena ni mchuzi mtupu."

Matroni aligeukia dirishani akajifanya anatazama nje. Nikamwambia kwamba siku ile hapakuwa na chakula, maharage yalikuwa mabichi, niliwadanganya tu ili wamwache. Hakuna aliyekula.

Alinitazama kwa lile jicho lake moja, kama anayetaka kuhakikisha.

"Kumbe," alisema. "Basi sikukosa."

Akanyoosha kikombe nimwongezee uji.